Utawala wa Mabavu Wenye Mihuri, na Mikono Inayoukataa

Siasa ikiibuka kwenye mazungumzo, iwe sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya au ndani ya Coaster ya kwenda Tukuyu, kuna hoja moja inayomaliza mjadala kabla haujaanza. Mtu atauliza: "Udikteta uko wapi hapa? Uchaguzi tunafanya kila baada ya miaka mitano, Bunge linakaa, mahakama zipo, magazeti yanauzwa. Kama unataka kuona udikteta nenda Korea Kaskazini." Wenzake hunyamaza. Wengi hawajakubali, ila hawana jibu la haraka, kwa sababu wanachokiona hakifanani na picha ya dikteta waliyokua nayo: jenerali mwenye nishani kifuani, vifaru barabarani, katiba imefutwa kwa tangazo la redio.

Hoja hiyo inahitaji jibu la kutulia. Taasisi ya V-Dem ya Chuo Kikuu cha Gothenburg, inayopima hali ya demokrasia duniani, ilikadiria kuwa mwaka 2024 asilimia 72 ya watu wote waliishi chini ya tawala zisizo za kidemokrasia. Sehemu kubwa ya tawala hizo zina uchaguzi, zina Bunge na zina majaji wenye majoho. Ndiyo sura ya utawala wa mabavu wa zama zetu. Haufuti vyombo hivi. Unavimiliki.

Mkulima wa viazi wa Uyole au Makete anaijua lumbesa. Gunia linaitwa gunia, bei ni ya gunia, stakabadhi ya ushuru imeandikwa gunia. Juu yake limeshonewa kofia ya wavu iliyobeba ndoo zaidi. Hakuna aliyevunja ghala usiku. Mkulima mwenyewe yupo, ameshika kamba anasaidia kufunga, kwa sababu asipokubali kipimo hicho lori litaondoka bila mzigo wake. Uchaguzi chini ya utawala wa aina hii uko vivyo hivyo: jina ni uchaguzi, karatasi ni za uchaguzi, na kipimo kimeshaongezwa kofia kabla mpiga kura hajatoka nyumbani.

Wa zamani walitoa amri

Malawi ya Kamuzu Banda, ng'ambo tu ya mto Songwe, ilikuwa udikteta usiohitaji maelezo. Mwaka 1971 Banda alifanywa rais wa maisha. Wanawake walikatazwa kuvaa suruali. Asiye na kadi ya chama aliweza kuzuiwa kupanda basi au kuingia sokoni. Mashahidi wa Yehova waliokataa kuinunua kadi hiyo walipigwa na kuchomewa nyumba, na mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Mwanasheria Orton Chirwa na mkewe Vera, waliokuwa wamepata hifadhi Tanzania, walitekwa kwenye mpaka wa Zambia na Malawi mkesha wa Krismasi mwaka 1981. Orton alifia gereza la Zomba mwaka 1992.

Kwetu pia, enzi ya chama kimoja, amri ilikuja waziwazi. Watu wa Isimani, Iringa, hawajaisahau Krismasi ya 1971, siku mkulima Said Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, kwenye vurugu za kusukumwa kwa kilimo cha ujamaa. Mwamwindi aliupakia mwili kwenye gari akaupeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Alishtakiwa, akanyongwa. Operesheni iliendelea: kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijiji vipya, wengi kwa kulazimishwa. Bado wapo wanaolisimulia tukio la Isimani kwa majivuno kana kwamba lilionyesha njia. Mimi siioni njia hapo. Naona familia mbili zilizofiwa, na malori ya kuhamisha watu yaliyokuja hata hivyo.

Utawala wa siku hizi hausemi "hamia". Unasema "fomu yako ina kasoro".

Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Amri unaweza kuikataa ukajulikana umeikataa. Kasoro ya fomu unaikatia rufaa, rufaa ina siku zake, siku zinakwisha, na unabaki huna hata mtu wa kumlaumu, maana kila uliyekutana naye alikuwa "anafuata utaratibu".

Angalia mfano wa mbali kidogo, ili tuone kuwa hili si gonjwa la Afrika. Viktor Orbán wa Hungaria aliingia madarakani mwaka 2010 kwa takriban asilimia 53 ya kura, na mfumo wa uchaguzi ukampa theluthi mbili ya Bunge. Hakufunga mahakama. Serikali yake ilishusha umri wa kustaafu majaji kutoka miaka 70 hadi 62, viti vikawa wazi, vikajazwa. Magazeti nayo hakuyafungia kwa amri. Mwaka 2018 wafanyabiashara walio karibu naye waliweka vyombo vya habari zaidi ya 400 chini ya taasisi moja inayoimba wimbo mmoja. Kila hatua ilikuwa na sheria yake na kila sheria ilikuwa na namba yake.

Hapa nyumbani, Tume ya Jaji Francis Nyalali iliyopendekeza vyama vingi iliorodhesha pia sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zilikandamiza uhuru. Vyama vingi vikaja mwaka 1992. Nyingi ya sheria zile zilibaki kwenye rafu, na baadaye zikaja mpya: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilizomtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni mbili ili aandike kihalali. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023 kwa tamko tu. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa kile kilichoitwa makosa ya kujaza fomu. Wengine walilalamika kuwa siku ya kurudisha fomu walikuta ofisi ya mtendaji imefungwa. Vyama kadhaa vikasusia, na CCM ikatwaa karibu mitaa na vijiji vyote. Aliyekuja kupiga kura siku ile alikuta uchaguzi umeshakwisha wiki kadhaa nyuma, kwenye kaunta ya ofisi ya kata.

Hofu haihitaji kumpiga kila mtu

Mabavu yenyewe hayajaondoka. Yamepunguzwa idadi na kuchaguliwa mahali. Ukimuumiza mmoja hadharani, mia watajirekebisha wenyewe.

Nyanda za Juu Kusini zinayo orodha yake. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa mikononi mwa polisi akiwa kazini kuripoti shughuli ya chama cha upinzani cha Chadema. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Februari 2018 Joseph Mbilinyi, Sugu, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini, alifungwa miezi mitano pamoja na kiongozi mwenzake wa chama, Emmanuel Masonga, kwa maneno waliyoyasema jukwaani yaliyohesabiwa kuwa ya kumkashifu Rais. Agosti 2024 vijana wa Chadema walipotaka kukutana Mbeya kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani, polisi walipiga marufuku na kukamata zaidi ya watu 500, wakiwemo viongozi wa kitaifa wa chama hicho. Usiku wa Mei 2, 2025, mwanaharakati Mdude Nyagali alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwake hapa Mbeya. Mara ya kwanza alitekwa Mei 2019, akapatikana siku chache baadaye ametupwa kijiji cha Inyala akiwa na majeraha.

Watanzania tumewapa wanaofanya kazi hiyo jina, "wasiojulikana", na jina lenyewe linafanya nusu ya kazi yao. Huwezi kumshtaki asiyejulikana.

Lakini orodha hii, hata ikiwa nzito hivi, haielezi kwa nini mji wenye watu laki kadhaa unakaa kimya. Kinachoeleza ni mambo madogo, ambayo hayafiki gazetini. Miaka michache iliyopita tulikodi ukumbi mjini Mbeya kwa semina ya elimu ya uraia, watu wasiofika sitini, mada ikiwa haki za mwananchi anapokamatwa. Tulilipa, tukapewa risiti. Siku mbili kabla, meneja wa ukumbi, mama wa makamo, alituita. Alikuwa ameziweka hela zetu kwenye bahasha, zote, na ile nakala ya risiti ameipiga mstari. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na nyie," alisema. "Nimepigiwa simu." Nikamuuliza aliyepiga ni nani. "Hakujitambulisha. Aliuliza tu leseni ya ukumbi inaisha lini."

Tazama jinsi kazi ilivyofanyika. Hakuna aliyetukataza kukutana, hakuna barua, hakuna askari. Hata yule mama hakuamriwa chochote. Alisikia swali akalijaza jibu mwenyewe. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Alikuwa na wafanyakazi tisa wanaomtegemea. Ila ukiuliza ni nani aliyeifuta semina ile, jibu la kweli kabisa ni kwamba aliifuta yeye.

Rais hajazi fomu za kata

Hapo ndipo penye kiini cha makala hii. Utawala wa mabavu wa kisasa, kwa kuwa umechagua kupita kwenye sheria na taratibu, umejifunga kwa kitu kimoja: unahitaji mikono mingi kuliko ule wa zamani. Hebu fuatilia kitu kidogo kama kumwengua mgombea udiwani wa kata moja. Anatakiwa mtu wa kuandika pingamizi. Anatakiwa msimamizi msaidizi wa kulikubali. Anatakiwa karani wa kupiga muhuri, na saa ya muhuri huo iwe imepita muda wa rufaa. Anatakiwa afisa wa juu wa kuitupa rufaa ikitokea imefika, polisi wa kusimama mlangoni, na mhariri wa kuona kwamba habari hiyo haina uzito. Mkuu wa nchi hamjui hata mmoja wao. Yote yanategemea kwamba kila mmoja atafanya sehemu yake ndogo, na kwamba sehemu hiyo ni ndogo kiasi cha kumruhusu alale usingizi.

Watu hawa si mashetani. Wengi tumesoma nao, tunakaa nao benchi moja kanisani, watoto wao wanacheza na wetu. Wana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, wana uhamisho wanaouogopa, kutoka Mbeya mjini kwenda mahali ambapo mwenza hatapata kazi. Wengine wanaamini kwa dhati kuwa wanalinda amani. Na hapo kati kuna machawa, ambao wanatangulia kutekeleza kabla hata ya kuombwa, maana kwenye mfumo wa namna hii anayezidisha haadhibiwi.

Kwa hiyo anayepinga utawala wa namna hii anakosea akiitazama Ikulu peke yake. Swali lenye faida ni hili: ni mikono gani inayobeba, na ni nini kitakachoifanya mmoja mmoja ikatae kubeba?

Ng'ambo ya Songwe

Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanaelewana bila mkalimani. Wanauziana mchele, wanaoana, wanazikana. Ndiyo maana nashangaa kwamba mambo ya Malawi hatuyazungumzi vya kutosha, wakati ndiyo darasa lililo karibu kuliko yote.

Darasa la kwanza ni la 1992. Banda bado rais wa maisha, hakuna chama kingine, hakuna gazeti huru. Maaskofu saba wa Kikatoliki waliandika barua ya kichungaji ya Kwaresima wakitaja umaskini, hofu, ukosefu wa haki mahakamani. Ilichapwa kwa siri, nakala zipatazo 16,000, na Jumapili ya Machi 8 ikasomwa kwenye parokia nchi nzima kwa wakati mmoja. Mapadri mamia walikuwa wamekubali kuisoma, na hilo ndilo lililoshinda mitambo ya serikali: ungemkamata nani? Maaskofu waliitwa wakahojiwa, na kuwa na nakala ya barua hiyo kukafanywa kosa. Haikusaidia. Wanafunzi waliandamana, wafanyakazi wakagoma, wafadhili wakabana misaada. Juni 1993 ikapigwa kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakachagua vyama vingi. Mwaka uliofuata Banda alishindwa uchaguzi.

(Kwetu, mwaka 2018, maaskofu Wakatoliki katika ujumbe wa Kwaresima na wale wa KKKT katika waraka wa Pasaka walisema mambo makali kuhusu hali ya siasa. Walutheri waliagizwa na serikali kuufuta waraka wao. Wazee wa makanisa huku Nyanda za Juu Kusini wanakumbuka ni usharika upi ulisomewa na upi haukusomewa.)

Darasa la pili ndilo lililonifanya niandike. Mei 21, 2019, Malawi ilipiga kura. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Rais Peter Mutharika mshindi kwa asilimia 38.57, akimzidi Lazarus Chakwera kwa kura takriban 159,000. Mawakala wa vyama walikuwa wamezishika karatasi za matokeo kwa macho yao, na kati ya zilizofika tume, nyingi zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia, ule wa chupa ndogo yenye brashi unaouzwa duka lolote la vifaa vya shule, na tarakimu mpya kuandikwa juu. Wamalawi wakauita uchaguzi ule kwa jina la wino huo, Tipp-Ex, na jina likaganda.

Chakwera na mgombea mwingine, Saulos Chilima, walikwenda mahakamani. Wakati kesi inaendelea, shirikisho la watetezi wa haki za binadamu liliitisha maandamano mwezi baada ya mwezi. Kulikuwa na uporaji, kulikuwa na majeruhi, na Oktoba 2019 kulifanyika uovu mkubwa eneo la Msundwe ambako polisi walituhumiwa kubaka wanawake baada ya askari mwenzao kuuawa. Sitaki msomaji adhani ilikuwa safari safi. Lakini jambo moja lilikuwa tofauti na kwingine: wanajeshi walitembea pembeni ya waandamanaji wakiwalinda. Jeshi halikutangaza kuunga mkono upande wowote. Lilikataa tu kuwa rungu.

Februari 3, 2020, majaji watano, Healey Potani, Ivy Kamanga, Redson Kapindu, Dingiswayo Madise na Mike Tembo, waliingia mahakamani Lilongwe wakisindikizwa na wanajeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi. Hukumu ilikuwa na kurasa takriban 500. Waliisoma kwa zamu kwa muda wa karibu saa kumi huku redio zikiirusha moja kwa moja na watu wamekusanyika vibarazani kuisikiliza. Walipitia karatasi, fomu, sahihi, tarakimu. Mwisho wake: uchaguzi umefutwa, urudiwe ndani ya siku 150, na mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Baadaye ilijulikana kuwa mwenye benki mmoja alijaribu kuwahonga majaji hao, akatiwa hatiani mwaka 2021. Majaji wenyewe ndio waliotoa taarifa.

Serikali haikukubali kirahisi. Mkuu wa Majeshi, Vincent Nundwe, aliondolewa Machi. Juni, siku chache kabla ya marudio, Ofisi ya Rais ilitangaza kuwa Jaji Mkuu Andrew Nyirenda anakwenda likizo ya kustaafu mara moja. Utaona ni mbinu ileile ya Hungaria, likizo badala ya pingu. Mawakili wakavaa majoho wakaingia barabarani, mahakama ikatoa zuio, na Jaji Mkuu akabaki ofisini. Juni 23 Chakwera alishinda kwa karibu asilimia 59.

Ukiichambua hadithi hii huwezi kumpata shujaa mmoja. Kuna wakala aliyeitunza nakala yake ya fomu mahali ambapo mvua haikuifikia. Kuna wanajeshi, kuna jaji aliyeikataa bahasha, kuna wakili aliyeacha wateja wake siku nzima ili atembee juani. Kila mmoja alikuwa kiungo ambacho utawala ulihesabu kuwa ni chake.

Zambia, upande wa Tunduma, ina mfano wa aina hiyo wa mwaka 2001, ambao nitaupitia haraka. Frederick Chiluba alitaka muhula wa tatu. Makanisa, chama cha wanasheria na mashirika ya wanawake waliunda umoja uliojulikana kama Oasis Forum. Watu wakavaa utepe, na Ijumaa jioni madereva wakapiga honi mji mzima. Askari hawezi kumkamata kila mwenye gari kwa kupiga honi. Wabunge na mawaziri wa chama chake wakagoma. Mei mwaka huo Chiluba akatangaza kuwa hagombei. Miaka 16 baadaye, chini ya Edgar Lungu, kiongozi wa upinzani Hakainde Hichilema alikaa rumande miezi minne kwa kesi ya uhaini baada ya msafara wake kutoupisha msafara wa Rais. Mwaka 2021 alimshinda Lungu kwa kura karibu milioni moja. Na mwaka 2025, yeye aliyewahi kuwa mahabusu, akasaini sheria mpya za mtandao ambazo wanasheria wa Zambia walizilalamikia. Mikono inayokataa haina likizo ya kudumu.

Inaposhindikana

Ningekuwa nadanganya kama ningeishia kwenye ushindi. Venezuela, Julai 2024, wapinzani wa Nicolás Maduro walifanya kazi ya mawakala kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Mashine za kupigia kura zilitoa karatasi ya matokeo kwa kila meza. Maelfu ya watu wa kujitolea walizikusanya, wakazipiga picha, na zaidi ya asilimia 80 ya karatasi zote zikawekwa mtandaoni, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Zilionyesha kuwa Edmundo González alishinda kwa takriban theluthi mbili. Tume ikamtangaza Maduro. González akakimbilia Uhispania, na Januari 2025 Maduro akaapishwa. Ushahidi ulikuwepo wote. Jaji wa kuupokea na askari wa kuukubali hawakuwepo.

Sudan, kamati za mitaa zilimwangusha Omar al-Bashir Aprili 2019 baada ya miaka 30. Majenerali wakapindua tena Oktoba 2021, na Aprili 2023 wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe juu ya migongo ya raia. Mitandao ileile ya vijana wa mitaa ndiyo iliyogeuka kuwa majiko ya kulisha walionaswa vitani. Watu hao nawaheshimu kupita ninavyoweza kueleza.

Na sisi. Kuelekea Oktoba 29, 2025, Chadema hakikuwa kwenye karatasi ya kura kwa sababu hakikusaini maadili ya uchaguzi, kikidai mabadiliko kwanza. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa gerezani kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo aliondolewa kwenye kinyang'anyiro cha urais. Siku ya kura vijana waliingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tunduma. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Watu waliuawa, idadi yao inabishaniwa, na serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ya Uchaguzi ilitangaza ushindi wa Rais Samia Suluhu Hassan kwa karibu asilimia 98. Waangalizi wa SADC, wakiongozwa na Richard Msowoya, Spika mstaafu wa Malawi, walisema kuwa katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza utashi wao wa kidemokrasia.

Wapo waliozika watoto. Mbele yao siwezi kuandika kana kwamba hili ni somo la darasani. Ila kwa heshima yao inabidi kuuliza swali gumu, kwamba siku ile mikono ilikuwa wapi. Vijana walikutana na askari ana kwa ana bila kuwa na mtu katikati: mapadri na mashehe wengi walizungumza baadaye, mawakili walikuja kwenye dhamana, mawakala hawakuwa na karatasi yoyote ya kutunza kwa sababu chama chao hakikuwemo. Watafiti wawili wa Marekani, Erica Chenoweth na Maria Stephan, waliokusanya harakati 323 za mwaka 1900 hadi 2006, waligundua kuwa zisizotumia silaha zilifanikiwa kwa asilimia 53, na zilizotumia silaha kwa asilimia 26. Sababu kubwa waliyoiona ni kwamba harakati za amani huingiza watu wa kila aina, wake kwa waume, wazee kwa vijana, na askari anapomwona shangazi yake kwenye umati huanza kufikiri. Tangu wakati huo ushindi wa harakati hizo umepungua duniani, na mojawapo ya sababu ni kuzitegemea mno barabara na simu, huku kazi ya polepole ya kuwapata watu wa kati ikiachwa.

Kazi hiyo ya polepole haina picha nzuri ya kurusha mtandaoni. Ni kumfundisha wakala asome fomu kabla hajaisaini, na aitake nakala. Ni kuandika jina la kila aliyekamatwa, saa, kituo na aliyemwona mara ya mwisho, usiku uleule, maana familia ya mtu aliyetekwa ambayo haina maandishi hayo inaanza kesi ikiwa imeshaachwa nyuma. Ni chama cha walimu, umoja wa bodaboda, kwaya, vikoba, kila mahali watu wanapozoea kukubaliana jambo na kulitekeleza bila kusubiri agizo. Na ni kuzungumza na karani, kwa adabu, kama ndugu, kabla msimu wa uchaguzi haujafika, ili siku akiletewa muhuri awe ameshajua kuwa kuna watu watakaosimama naye akiukataa. Mtu aliye peke yake hukubali. Yule mama wa ukumbi alikuwa peke yake. Laiti wenye kumbi wa Mbeya wangekuwa na umoja wao, na wakapigiwa simu kumi wakajibu kwa sauti moja, ile simu isingekuwa na maana.

Huko Kyela nimeulizwa swali ambalo nadhani ni la haki. Uchaguzi wa Malawi wa Septemba 2025, Mutharika alirudi. Alimshinda Chakwera kwa takriban asilimia 57 dhidi ya 33, na makamu wake wa Rais ni Jane Ansah, yuleyule aliyekuwa mwenyekiti wa tume wakati wa karatasi za wino mweupe, ambaye waandamanaji wa 2019 walidai ajiuzulu hadi akajiuzulu. "Sasa ile kazi yote," mzee mmoja akaniuliza, "walioumia, majaji waliovaa fulana za chuma, ilikuwa ya nini?"

Nilimjibu kuwa Chakwera, Rais aliyekuwa madarakani, mwenye polisi na jeshi na tume, alikubali kushindwa kabla hata tume haijamaliza kutangaza. Mafuta yalikuwa yameadimika, bei ya mahindi imepanda, watu wamemchoka, wakamtoa kwa karatasi. Aliyeingia si malaika, na wanaomkumbuka wana haki ya kuwa macho. Mzee akaniambia hilo ameelewa, lakini akataka kujua kama zile karatasi za matokeo safari hii walizikagua. Nikamwambia ndiyo, walizikagua.